Mdogo wangu ananitaka nishuke mimbarini

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Mbeya, na kwa miaka mingi sasa naishi Lexington, Kentucky. Ibada yetu ya Kiswahili tunaifanya Jumapili mchana kwenye jengo la kanisa la Wamarekani, la Wabaptisti wa Kusini, muungano mkubwa wa makanisa ya Kibaptisti huku Marekani. Wengi wetu ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Tanzania, wapo Warundi, na Watanzania tu wachache.

Mchungaji wetu aliugua figo. Ikawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Jumapili nyingine hawezi hata kusimama. Wazee wa kanisa wakaniomba nishike ibada, kwa kuwa somo la Biblia la Jumatano nilikuwa nalifundisha tayari. Nikahubiri. Hakuna aliyelalamika, na mchungaji mwenyewe alikuwa ananipigia Jumamosi jioni kuniuliza nimeandaa andiko gani.

Kisha mdogo wangu akahamia hapa kutoka Texas. Huyu nimemlea mimi, mama yetu akiwa safarini na biashara ya mchele wa Kyela. Anasoma theolojia kwa mtandao. Mwanzoni nilifurahi, wazee wakampa darasa la vijana. Huko anafundisha kwamba Mungu alikwisha kuwachagua watakaookolewa, kwamba Kristo aliwafia wateule tu, na kwamba kuwaita watu mbele mwishoni mwa mahubiri ni kuwadanganya. Vijana wamempenda mno. Watu wazima, ambao wengi wao waliokoka kwa kuitwa mbele hivyo hivyo, wamekasirika. Mama mmoja alinijia akilia, akaniuliza kama kichanga chake kilichofia kambini hakikuwa miongoni mwa wateule. Sikuwa na jibu.

Sasa amesema mbele ya wazee kwamba mimi kusimama mimbarini ni dhambi, akasoma 1 Timotheo 2:12, pale Paulo anaposema hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha. Wiki hiyo hiyo kanisa lenye jengo likatuandikia kuuliza ni nani anayehubiri kwetu, kwa sababu ya mambo ya mkutano mkuu wao, usiotaka wachungaji wanawake. Tumegawanyika. Wanaoniunga mkono wanasema Ukalvini, yaani hayo mafundisho yake ya uteule, ndio unaowachukia wanawake, tuwatoe Wakalvini wote mambo yaishe. Upande wake wanasema Wabaptisti wa kwanza wote walikuwa Wakalvini, asiyekubali si Mbaptisti wa kweli. Mkutano wa washirika umeitishwa, na yote mawili yatapigiwa kura kama azimio moja.

Mdogo wangu hali tena chakula nyumbani kwangu. Mume wangu anasema niachie, nisivunje undugu kwa ajili ya mimbari. Je, ni kweli mambo haya ni kitu kimoja? Wanaweza kututoa kwenye jengo? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Dada mtu, Lexington

*

Marahaba, mwanangu.

Hapana, si kitu kimoja. Na hilo azimio moja lenye mambo mawili linanitia hofu kuliko yote mdogo wako aliyofundisha.

Tazama walioandika tamko la imani la Wabaptisti wa Kusini. Mwaka 2000 walilirekebisha na kuweka kwamba wanaume kwa wanawake wamepewa karama za kutumika kanisani, ila ofisi ya mchungaji ni ya wanaume. Kamati iliyoliandika iliongozwa na Adrian Rogers, mchungaji wa Memphis, mtu aliyeupinga Ukalvini waziwazi. Ndani ya kamati hiyo hiyo alikuwemo Albert Mohler, mkuu wa seminari ya Louisville, Mkalvini asiyejificha. Hao wawili hawakukubaliana Kristo alimfia nani. Juu ya mchungaji mwanamke walikubaliana kabisa. Na wanawake walikuwemo kwenye kamati hiyo, usidhani ilikuwa ya wanaume watupu. Kwa hiyo wanaokuunga mkono wakifanikiwa kumtoa kila Mkalvini hapo Lexington, barua ya wenye jengo itabaki mezani vile vile ilivyo.

Tena tamko hilo hilo linapofika kwenye uteule linasema ni kusudi la neema la Mungu, kisha linaongeza kwamba haupingani na hiari ya mwanadamu. Maneno hayo yanawaruhusu Mkalvini na asiye Mkalvini kukaa benchi moja, na kweli wamekaa, ingawa kwa kusukumana viwiko. Mwaka 2012 kundi la wachungaji na walimu wasio Wakalvini walitoa tamko lao kuhusu wokovu, ikazuka kelele kubwa, na mwaka 2013 kamati iliyokuwa na watu wa pande zote mbili ikatoa ripoti ya kuwataka waendelee kushirikiana. Katika ripoti hiyo lipo jambo moja linalowahusu ninyi moja kwa moja: anayetafuta nafasi ya huduma kanisani aseme wazi anaamini nini, asijifiche akaja kujifunua baada ya kupewa kazi. Mdogo wako alipokabidhiwa vijana, wazee walimuuliza anaamini nini? Kama hawakumuuliza, nusu ya lawama ni yao. Kama walimuuliza akazungukazunguka, hapo wana neno naye, na neno hilo halihusiani na jinsia yako.

Kuhusu Wabaptisti wa kwanza, historia haiko upande wake. Kanisa la mwanzo kabisa linalotajwa lilianzia Amsterdam mwaka 1609 kwa John Smyth na Thomas Helwys, Waingereza waliokimbia mateso, na mwaka 1612 Helwys na wenzake wakarudi London. Hao walifundisha kwamba Kristo aliwafia watu wote. Wabaptisti wa Kikalvini walitokea London miaka ya 1630, wakatoa ungamo lao mwaka 1644, kisha lile maarufu la 1689 ambalo nadhani ndilo mdogo wako analo kwenye simu yake. Wote ni Wabaptisti, na waliotangulia si wale anaowadhani yeye.

Lakini wazee wenu nao wasishangilie. Wakisema Ukalvini unaua uinjilisti, maneno hayo hayasimami. William Carey, aliyeandika mwaka 1792 kuwahimiza Wabaptisti wa Uingereza wapeleke Injili kwa mataifa, na mwaka uliofuata akapanda meli kwenda India asirudi tena, aliamini uteule. Andrew Fuller, aliyebaki nyumbani akiitafutia misheni hiyo fedha na waombaji, aliamini hivyo pia. Charles Spurgeon alijaza maelfu ya watu London kila Jumapili, na alikuwa Mkalvini mpaka mifupani. Kijana anayefundisha uteule hajawa adui wa Injili kwa hilo peke yake.

Kuita watu mbele ni desturi, si agizo. Huko Marekani ilishamiri karne ya 19, na anayetajwa sana ni mhubiri wa uamsho Charles Finney, ambaye wala hakuwa Mbaptisti. Wamisionari wa Wabaptisti wa Kusini walipofika Kenya na Tanganyika mwaka 1956, walikuja nayo kwenye mizigo yao pamoja na nyimbo na vipeperushi. Mtu anaweza kuiacha akabaki mwinjilisti, na anaweza kuitumia bila kumdanganya yeyote. Kosa la mdogo wako ni kusema mbele ya watu waliookoka kwa njia hiyo kwamba walidanganywa. Hapo amewatukana mama zake.

Nirudi kwa yule mama wa kichanga. Jambo lake ni la haraka kuliko kura yenu, na nashangaa umeliandika katikati ya barua kana kwamba ni dogo. Mwendee wiki hii. Mwambie kwamba Spurgeon, ambaye hao vijana wanamnukuu usiku na mchana, alifundisha kwamba watoto wote wanaokufa wachanga wameokolewa, wote, na aliona fahari kulihubiri. Msomee 2 Samweli 12, pale Daudi aliyefiwa na mtoto mchanga anaposema, “Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi.” Halafu mwombe mdogo wako aende naye amwambie hayo kwa kinywa chake mwenyewe. Kama anajua theolojia ya uteule lakini hawezi kukaa na mama aliyezika mtoto Nyarugusu, basi darasa la vijana wamempa mapema mno, na hilo uwaambie wazee.

Sasa jengo. Mkutano Mkuu wa Wabaptisti wa Kusini hukutana siku mbili kila Juni. Haumiliki majengo ya makanisa, hauweki mikono juu ya mchungaji wala haumwondoi. Kila kanisa linajitawala, huo ndio Ubaptisti wenyewe. Ulicho nacho Mkutano ni uwezo wa kusema kanisa fulani halimo tena katika ushirika nao, na siku hizi unautumia. Februari 2023 kamati yake tendaji ililitoa kanisa la Saddleback la California, alilolianzisha Rick Warren, kwa sababu ya wachungaji wanawake. Ililitoa pia kanisa la Fern Creek la Louisville, si mbali na kwenu, ambalo Linda Barnes Popham alikuwa akilichunga tangu 1993. Yakakata rufaa. Juni hiyo huko New Orleans, Saddleback ilishindwa kwa kura 9,437 dhidi ya 1,212, na Fern Creek kwa 9,700 dhidi ya 806.

Utasikia watu wakisema mambo yamelegea tangu hapo, kwa kuwa jaribio la kuliingiza katazo kwenye katiba yao lilikwama Indianapolis mwaka 2024, likapata asilimia 61 wakati zinahitajika theluthi mbili, na jaribio kama hilo likakwama tena Dallas mwaka 2025. Msijifariji kwa hilo. Mkutano ule ule wa Indianapolis ulilitoa kanisa kongwe la Alexandria, Virginia, kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura. Tamko la imani lilikuwa linatosha kwa kazi hiyo bila katiba kuguswa.

Kwa hiyo wenye jengo kuwaandikia si lazima iwe chuki. Wana wasiwasi wao. Ninyi mnachotakiwa kujua kwanza ni mko chini ya nani. Je, ni kanisa lililosajiliwa lenyewe na linalopangishwa au kukaribishwa, au ni huduma ya kanisa lao? Kama ni huduma yao, basi mhubiri wenu ni mhubiri wao, na wazee wao wana haki ya kuuliza na hata kukataa. Kama mnajitegemea na hamjajiunga na Mkutano wao, hakuna kura ya Dallas wala Indianapolis inayowafunga, ila mwenye nyumba anaweza kufunga mlango wake muda wowote mkataba unaporuhusu. Mkataba upo? Au ni ule wetu wa kushikana mikono na kusema Mungu awabariki? Mwombeni mzee mmoja autafute kabla ya mkutano. Na ukikuta hakuna maandishi, ombeni yaandikwe sasa, mkiwa bado mnasalimiana vizuri.

Kisha wajibuni ukweli: mchungaji wetu ni fulani, anaumwa, dada huyu amehubiri kwa ombi la wazee, hajawekewa mikono wala hana cheo cha uchungaji. Kisha waulizeni wanachopinga ni nini hasa, cheo au kusimama mimbarini. Swali hilo si ujanja. Wabaptisti wa Kusini wenyewe wanabishana hapo mpaka leo: tamko linataja ofisi ya mchungaji, na wengine wanalisoma hivyo tu, wengine wanasema kazi ya kuhubiri kanisa zima ndiyo ofisi yenyewe. Wewe umesimama katikati kabisa ya ubishi huo. Ila msije mkaanza kubuni vyeo vya kufichia, mara “mratibu wa ibada,” mara “msimamizi wa neno,” kumbe mtu anafanya kazi yote ya mchungaji. Wakigundua, na watagundua, mtapoteza jengo pamoja na heshima.

Unaweza kuuliza maoni yangu mimi, kwa kuwa hujaniuliza nadhani kwa adabu. Nayasoma maneno ya Paulo, “Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume,” pamoja na Prisila aliyekaa na mumewe wakimfundisha Apolo, pamoja na binti wanne wa Filipo waliotabiri, pamoja na 1 Wakorintho 11 ambako Paulo yule yule anawapa masharti wanawake wanaosali na kuhutubu kanisani. Sioni katazo la kila mahali na kila wakati. Najua wanaosoma tofauti nami na si wajinga, wala si wote wanaokuonea wivu. Na historia ya hao Wabaptisti wa Kusini inanipa ujasiri wa kusema hivyo. Miaka tisini kabla ya Mkutano wao kuzaliwa mwaka 1845, huko Sandy Creek, North Carolina, alikuwepo Martha Stearns Marshall. Mwandishi wa historia ya Wabaptisti wa Virginia mwaka 1810 aliandika kwamba maombi na mawaidha yake yaliliza makusanyiko mazima. Sadaka yao kubwa ya misheni ya kila Krismasi ina jina la mwanamke, Lottie Moon, aliyehudumu China tangu 1873 mpaka 1912, na wanaume wa vijijini walikuwa wakisogea kusikiliza alipofundisha. Sadaka hiyo ndiyo iliyowalisha wamisionari wengi, wakiwemo waliokuja kwetu. Mwaka 1964 kanisa moja la Durham, North Carolina, lilimwekea mikono mwanamke, Addie Davis, awe mchungaji. Miaka ishirini baadaye Mkutano ukapitisha azimio la kupinga jambo hilo. Walikuwa na njia zote mbili mbele yao, wakachagua moja. Ni haki yao, na ninyi mna yenu.

Ila yote hayo hayajibu swali ambalo barua yako imelikwepa. Wewe unataka nini? Umeeleza ulivyoombwa, hukueleza kama umeitwa. Kama ulikuwa unaziba pengo la mgonjwa na moyo wako uko kwenye somo la Jumatano, sema hivyo mkutanoni, na wazee watafute mhubiri wa kusaidia badala ya kukuachia wewe vita ambavyo walivianzisha wao kwa kutopanga. Kujitoa kwa namna hiyo si kushindwa na mdogo wako. Lakini kama unajua mbele za Mungu kwamba hii ni kazi yako ya maisha, basi useme hilo bila kuona haya, na ujue huenda ukalifanyia mahali pengine. Wapo Wabaptisti Marekani wanaowawekea wanawake mikono: wapo waliojitenga na Mkutano wa Kusini na kuunda ushirika wao mwaka 1991, wapo na Wabaptisti wa kaskazini. Sio kwamba Kentucky mnaishiwa na Wabaptisti.

Azimio lenu ligawanywe. Mshirika yeyote anaweza kuomba hivyo mkutano unapofunguliwa, na mwenyekiti asikubali kuendelea mpaka ligawanywe. Swali la nani ahubiri wakati mchungaji anaumwa lipigiwe kura peke yake. Swali la uteule nashauri lisipigiwe kura kabisa. Wakongo wenu wa Kivu walilelewa na misheni nyingine ya Kibaptisti, ninyi wa Mbeya na nyingine, Warundi na nyingine. Hamkuwahi kukubaliana juu ya uteule na mkaimba pamoja muda wote huo. Darasa la vijana waachieni wazee waamue lifundishwe nini, bila hesabu ya mikono.

Na mdogo wako. Usimtumie mtu, mwite wewe, kabla ya mkutano. Akikataa kula kwako, mfuate kwake, kalie kiti chake na unywe chai yake. Mumeo anasema uachie ili usivunje undugu. Mwambie undugu hauvunjwi na mimbari, unavunjwa na watu kuacha kutembeleana. Ukifika kwa mdogo wako, fungueni 1 Timotheo sura ya 2 muisome yote kwa sauti. Mstari wa 4 unasema Mungu “hutaka watu wote waokolewe.” Muulize anauelewaje. Atakwambia uangalie muktadha, kwamba watu wote hapo ni watu wa kila aina, wafalme na wenye mamlaka. Sawa, ni hoja ya heshima. Halafu mwombe akusomee mstari wa 12 kwa uangalifu ule ule. Na yeye ana haki ya kukugeuzia kibao, kwa sababu nadhani wewe mstari wa 4 unauchukua kama ulivyo, na unapofika wa 12 ndipo unapokumbuka habari za Efeso, mji aliokuwako Timotheo, na mazingira yake. Jibuni wote wawili. Hamtakubaliana jioni moja, na sikutarajii umgeuze.

Mwambie pia, kabla hujaondoka, kwamba akisimama mkutanoni asiseme “dada yangu anatenda dhambi” mbele ya watoto wako. Aseme anachoamini Maandiko yanasema, akae. Nawe ukisimama usitaje nani alimlisha nani.

Barua ya wenye jengo ijibiwe kabla ya siku ya kura, isainiwe na wazee wote, na jina la kwanza ndani yake liwe la mchungaji wenu mgonjwa.